Kamati ya Makovu

Ukiitafuta nchi ya Utulivuni kwenye ramani hutaiona, kwa sababu wachora ramani walipofika mpakani walipigwa wakarudi walikotoka. Lakini ipo, na ni nchi njema. Bendera yake ina njiwa, gereza lake kuu lina bustani ya maua, na haijapigana vita tangu serikali ilipolipiga marufuku neno hilo. Watu wakichinjana, redio ya taifa hutangaza kwamba wamepishana kauli.

Kwa hiyo mataifa makubwa yalipotafuta mahali pa kuweka makao ya Shirika la Mataifa la Kuamulia Ugomvi, hayakusita. Yalijenga jengo refu la vioo katikati ya mji mkuu, kwa fedha zilizotolewa kwa ukarimu na viwanda vya bunduki, na mlangoni yakaweka sanamu ya mikono miwili inayoshikana. Mkono mmoja ulivunjwa siku ya uzinduzi. Haukurekebishwa, maana mafundi walikuwa wanagombea zabuni.

Humo ndimo alimofanya kazi Bi Sikudhani Mbaruku, mjane mwenye mabega mapana na sauti ya chini, mpatanishi wa uwanjani. Kazi ya mpatanishi wa uwanjani ni nyepesi kuieleza: watu wakipigana, yeye anakwenda kusimama katikati yao na kufungua mikono mpaka wachoke. Shirika lilikuwa limefanya utafiti likagundua kwamba mtu husitasita kidogo kabla ya kumpiga mwanamke, hivyo waliotumwa kusimama katikati walikuwa wanawake. Utafiti huohuo uligundua kwamba kufikiria namna ya kusimama katikati kunahitaji wanaume, hivyo waliokaa ghorofani walikuwa wanaume. Utafiti wenyewe ulifanyiwa ghorofani.

Mtu asidhani, hata hivyo, kwamba Shirika lilikuwa na upendeleo. Cheo hakikutolewa kwa maneno wala kwa kujuana. Kilitolewa kwa makovu. Mara mbili kwa mwaka ilikaa Kamati ya Makovu, wafanyakazi wakapanga foleni, wakavua mashati, wakaonyesha walivyoumia kwa ajili ya amani ya dunia. Mwenye kovu alipanda cheo, na mshahara ukapanda naye. Wanawake peke yao hawakuitwa.

"Sisi si washenzi," alieleza Mkurugenzi Mkuu, Balozi Shomvi Kitwana, mtu mnene mwenye sauti tamu. "Mwanamke wa Shirika hatavuliwa nguo mbele ya watu maadamu mimi ni hai. Heshima yake ni heshima yetu!"

Ukumbi mzima ulipiga makofi. Na kwa kuwa asiyeonyesha kovu hana kovu, wanawake walibaki ghorofa ya chini, heshima yao haijaguswa.

*

Mwaka huo watu wa Bondeni na watu wa Mlimani walipishana kauli juu ya kisima. Walipishana kwa mapanga, kwa marungu na kwa mawe ya kombeo, hata kisima kikajaa maiti na hakuna tena aliyeyataka maji yake. Lakini ugomvi ulikuwa umeshanoga, wakaendelea.

Shirika likatuma gari. Dereva alikuwa Nyamizi, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mkali, rafiki wa Sikudhani tangu siku walipoajiriwa pamoja. Kiti cha nyuma alikaa Bwana Ngwali, afisa mpya aliyevaa tai ya hariri, ambaye Sikudhani alikuwa ameagizwa amfundishe kazi.

"Dada Siku," alisema Ngwali moshi ulipoanza kuonekana, "hawa watu wanatujua?"

"Wananijua mimi. Wewe kaa nyuma yangu, mikono iwe wazi waione."

"Na wakipiga?"

"Watapiga. Wewe usianguke."

Nyamizi akacheka. "Mwulize kama ameandika wosia."

Sikudhani akashuka, akaenda. Pale kisimani kijana mmoja alikuwa anamkanyaga mwenzake kichwani, na mwanamume mwingine anatembea akitafuta mkono wake. Sikudhani akapita kati yao, akasimama pale palipokuwa na ghasia kubwa zaidi, akafungua mikono. Rungu lililokusudiwa kichwa cha mtu wa Mlimani likamkuta yeye mdomoni. Alisikia meno yakivunjika kabla hajasikia maumivu, sauti kama ya mtu aliyekanyaga konokono. Akayatema. Hakushusha mikono. Kisha likaja panga, likamwingia begani na kushuka kifuani mpaka likakwama kwenye ubavu.

Aliyelishika alikuwa mvulana wa Bondeni, ndevu hazijamtoka. Alilivuta, likakataa.

"Mwanangu," Sikudhani akamwambia, damu ikimtoka mdomoni kwa mapovu, "umemkata mama yako. Umeridhika?"

Mvulana akaliachia panga. Akaketi chini, akatapika. Wenzake wakamtazama, wakamtazama na yule mwanamke aliyesimama na panga limening'inia kifuani kama beji ya kazi, na mmoja baada ya mwingine wakashusha silaha. Hapo ndipo Sikudhani alipoanguka.

Nyamizi alikuja mbio, akamfunga kanga, akamburuta mpaka garini. Ngwali hakuonekana. Alipatikana chini ya kiti cha nyuma, amekumbatia tairi la akiba na macho ameyafumba.

"Kaa hukohuko," Nyamizi akamwambia, akatia gia.

Aliendesha juu ya mawe kama mwendawazimu, maana rafiki yake alikuwa anakata roho pembeni yake. Kwenye korongo moja gari liliruka, jeki ikaruka nayo, ikampiga Ngwali mdomoni. Ikamvunja ncha ya jino na kumkwaruza kifua.

*

Sikudhani alikaa hospitali mpaka mvua zikaisha. Aliporudi kazini alimkuta Bwana Ngwali ghorofa ya tatu, Mkuu wa Kanda, na yeye Sikudhani yuko chini yake. Kamati ilikuwa imeuona mkwaruzo wa kifuani, na mjumbe mmoja, walisema, alitokwa na machozi. Fidia ya ile ncha ya jino Ngwali alinunulia kiwanja. Fidia ya meno matatu ya Sikudhani ilinunua dawa ya kusukutulia.

Akapanda ngazi kwenda kumwona Bwana Matano, Mkurugenzi wa Usawa. Lifti ilikuwa ya wenye vyeo. Alifika ghorofa ya nane amelishika bega, akakaribishwa kiti laini.

"Bwana Mkurugenzi, nimekuja juu ya pengo."

"Pengo gani, Bi Sikudhani?" Bwana Matano alishangaa kwa moyo mkunjufu. "Shirika hili halina pengo."

Sikudhani akafungua mdomo.

Bwana Matano akachungulia, kisha akageuza uso akatazama dirishani. "Aa. Hilo. Pole sana."

"Ngwali kavunjika ncha, kalipwa mara mia ya nilivyolipwa mimi kwa meno mazima."

"Tusilinganishe visivyolingana, mama yangu. Jino la mwanamume ni la kutafunia. Jino la mwanamke ni la kuchekea. Wataalamu wamelipima jambo hili. Kuyalipa sawasawa meno yenye kazi tofauti ni ubaguzi, na ofisi yangu, kama unavyoona mlangoni, ni ya Usawa."

"Na cheo je? Ngwali nimemfundisha mimi. Na siku ile alikuwa chini ya kiti."

"Alikuwa na kovu. Kamati imeliona. La kwako nani kaliona?"

"Hamtaki kuliona."

"Kwa heshima yako!" Bwana Matano aliumia kweli. "Kovu lisiloonekana na Kamati si la kazini. Kama si la kazini, ni la nyumbani. Wanawake wote wa uwanjani tumewaandikia hivyo, ajali za nyumbani. Hatuulizi mabwana zenu wamefanya nini. Hayo ni ya ndani."

"Mimi ni mjane."

"Basi ulijikwaa." Akasogea, akashusha sauti kama mtu anayetoa siri njema. "Na tena hatuliiti pengo. Tunaliita nafasi. Miaka yote mmelilia nafasi. Sasa hiyo hapo, kati ya mshahara wako na wa Ngwali, nafasi kubwa ajabu. Mbona hamna shukrani?"

Sikudhani alishuka ngazi. Mwanzoni alihisi baridi tu, kama siku ile panga lilipotolewa. Kila ghorofa aliyoshuka mwili ukazidi kupata moto, na alipofika chini karakana, Nyamizi alimtazama mara moja akaacha kufungua nati.

"Wamesema nini?"

"Wamesema hawajaona."

Nyamizi akafuta grisi mikononi, taratibu. "Basi waonyeshwe."

*

Kamati ya Makovu ilikaa katika Ukumbi wa Suluhu. Balozi Shomvi aliketi kitini katikati, na mbele yake lilikuwa Rungu la Amani, rungu la mpingo lenye kichwa cha fedha, zawadi ya wafadhili, la kugongea meza watu wanyamaze. Foleni ilikuwa ndefu. Afisa mmoja alionyesha mahali alipoumwa na mbu katika safari ya kikazi, akapanda. Mwingine alionyesha alama ya upasuaji wa ngiri.

"Hii uliipata wapi, ndugu?" aliuliza Balozi.

"Nilikuwa nainua mafaili ya mkataba wa amani, Mheshimiwa."

"Mafaili mazito," alisema Balozi kwa huzuni, naye akapanda.

Ndipo Sikudhani alipoingia. Hakupanga foleni. Alikwenda moja kwa moja mbele ya meza, akafungua kanga, akavua blauzi, akasimama wima.

Shingoni palikuwa na kovu la zamani. La kisimani lilianzia begani likiwa limevimba na kung'aa, likashuka kifuani, likakata titi la kushoto vipande viwili na kuishia mbavuni. Kwa muda mfupi, nadhani, waheshimiwa wale waliona.

"Funika!" Balozi akapiga kelele. "Funika uchi huo!"

"Si uchi, Mheshimiwa. Ni kazi yangu. Hii ya kisimani. Na hii ya shingoni ya—"

"Ulinzi!"

Lakini nyuma yake Nyamizi alikuwa ameufungua mlango, na wapatanishi wa uwanjani wanaingia, wanafungua vifungo. Mmoja hakuwa na sikio. Mmoja mgongo wake ulikuwa umeungua kama mkaa. Mmoja alikuwa na alama za meno ya watu mkono mzima. Waliingia kimya wakajipanga, na waheshimiwa wakajifunika nyuso kwa mafaili ili kulinda heshima yao, wakichungulia pembeni.

Askari waliingia na virungu. Wakaanza na yule asiye na sikio, akaanguka wakaendelea kumpiga chini. Mfupa ulivunjika mahali fulani, ukalia kama ukuni. Wanawake wale walikuwa wamesimama katikati ya ugomvi wa nchi nzima wasiinue mkono. Siku hiyo waliinua. Mwenye mgongo wa mkaa alimpiga mjumbe kwa kiti, mjumbe akaanguka juu ya meza akigugumiza kwamba atapata kovu. Askari mmoja alitumbukiziwa kidole jichoni. Chupa za maji zilipasuka, damu ikatapakaa kwenye zulia la buluu lenye njiwa. Ngwali alikuwa amejibanza ukutani, shati mkononi.

Sikudhani peke yake hakupiga mtu. Alikwenda katikati, akafungua mikono kama alivyozoea. "Basi!" alisema. "Basi, jamani, basi!"

Balozi Shomvi alizunguka meza mwenyewe. Alikuwa amelishika Rungu la Amani kwa mikono miwili, uso umemvimba, naye alikwenda kwa yule mwanamke aliyeanzisha fujo akalinyanyua juu kabisa. Sikudhani aliliona. Hakushusha mikono.

Nyamizi akaingia katikati.

Rungu lilimkuta kwenye paji la uso. Alibaki amesimama kidogo, macho yamemtoka, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Kisha magoti yakalegea. Sikudhani alimdaka akaketi naye sakafuni, na kichwa cha Nyamizi kilikuwa laini mikononi mwake mahali ambapo hakikutakiwa kuwa laini.

"Nyamizi. Nyamizi wee. Niangalie."

Virungu na viti vikashuka. Balozi aliligeuza rungu, akakitazama kichwa cha fedha.

"Angalieni," alisema akihema. "Limepinda."

*

Jioni ile Balozi aliwakusanya wafanyakazi, akavaa suti nyeusi, akazungumza kwa uchungu.

"Ndugu zangu, tumempoteza dada yetu. Shirika hili ni familia moja, na jengo hili ni nyumba yetu sote. Kwa hiyo marehemu amepatwa na ajali ya nyumbani."

Ikaandikwa hivyo. Kesho yake ilikuwa Sherehe Kuu ya Suluhu, ambapo watu wa Bondeni na watu wa Mlimani wangeletwa mpaka ua wa Shirika washikane mikono mbele ya mabalozi. Wapatanishi wote wa uwanjani waliamriwa wajipange katikati yao wakiwa na mishipi myeupe. Walipoomba ruhusa ya kwenda kuzika, walijibiwa kwamba ajali za nyumbani hazina likizo.

Bwana Matano alimfuata Sikudhani chumba cha maiti, alikokuwa anamwosha rafiki yake.

"Nimekuletea habari njema," alisema, amejiziba pua kwa leso. "Kunaundwa Idara ya Heshima ya Wanawake. Ghorofa ya tatu. Mkuu wake ni wewe. Mshahara utabaki huu kwa sasa, maana ni idara ya wanawake, lakini cheo kimepanda! Unachotakiwa ni kusema tu kwamba uliona dereva akiteleza."

Sikudhani aliendelea kukamua kitambaa. Magoti yalikuwa yanamuuma, na alijua ngazi zile zitamuua siku moja kama panga halikuweza.

"Nikisema hivyo nitapanda kwa lifti?"

"Kwa lifti kabisa!"

"Basi pandeni nyinyi. Mimi nina msiba."

*

Huko Utulivuni wanaozika ni wanawake, kwa kuwa ni kazi isiyo na posho. Asubuhi walimbeba Nyamizi mpaka makaburini, juu ya mji. Walikwenda wote: aliyevunjika mkono alibeba kwa mkono mwingine, aliyepigwa chini alibebwa naye. Chini kule walikiona kioo cha jengo kinamemeta, na ua umejaa watu wa pande mbili. Katikati yao hapakuwa na mtu.

Walikuwa wamechimba nusu waliposikia kelele. Mwanzo ilikuwa kama watu wanashangilia, na kila mmoja pale alijua kwamba si shangwe. Moshi ukaanza kutoka madirishani.

Ngwali alikuja mbio akipanda kilima, bila tai, sikio linaning'inia kwa ngozi.

"Dada Siku! Wanauana! Wameona hakuna mtu katikati, mmoja akatupa jiwe—"

"Balozi yuko wapi?"

"Alisimama yeye. Alifungua mikono kama wapatanishi kwenye kalenda ya Shirika, akaanza hotuba. Walimpiga akiwa anasoma. Walimpiga mpaka... Na Bwana Matano wamemtupa dirishani."

"Yu hai?"

"Ghorofa ya nane, Dada."

Ngwali akaanguka magotini. "Njooni mkasimame. Nawaombeni. Nyinyi watawasikiliza."

Wanawake wakamtazama Sikudhani. Naye alihisi miguu yake inageuka yenyewe kuelekea mjini. Huko alikuwamo yule mvulana wa Bondeni, bila shaka, na angemwita mwanangu pengine angeliachia panga tena. Alijua kwamba kila dakika anayokaa pale mtu anakufa, na kulijua hilo kulimuuma kuliko kovu. Kisha akaiangalia sanda, na lile doa lililokuwa limepenya upande wa paji la uso.

"Siku ile ya kisimani Nyamizi alikutoa ukiwa chini ya kiti," alimwambia Ngwali. "Hakumwambia mtu."

"Najua, Dada."

"Nawe ulipandishwa ukanyamaza."

Ngwali akaugusa mkwaruzo wa kifuani.

"Shika koleo. Mimi bega limekufa."

Ngwali aligeuka akaliangalia jengo. Vioo vya ghorofa ya juu vilikuwa vinaporomoka vikimetameta juani. Akashika koleo. Alichimba akilia, damu ya sikioni ikidondokea udongoni, na alipotaka kuacha Sikudhani alimwambia kina bado. Walimteremsha Nyamizi, wakafukia, wakashindilia kwa miguu. Hawakuharakisha.

Ilipokwisha, Sikudhani alinawa mikono. Kelele kule chini zilikuwa zimebadilika, zimekuwa za watu wachache waliochoka, wasiojua namna ya kuacha. Akajifunga kanga vizuri kifuani na kuanza kushuka kilima, na wenzake wakamfuata. Mahali njia ilipoingia mjini alisimama, akampisha Ngwali.

"Leo tangulia wewe," alisema.

"Mimi?"

"Wewe ndiye Mkuu wa Kanda."

Ngwali alimtazama usoni kuona kama anatania. Kisha akafungua mikono, akaingia kwenye moshi.